Nyuma ya Suke la Ngano

Picha ilitundikwa ukutani siku ya Alhamisi, na mpaka Jumapili hakuna mtu wa nyumba ile aliyegundua kwamba ndani yake mlikuwa na mwanaume.

Mama Fransiska alikisugua kioo kwa gazeti mpaka kikalia. Akatoa kalenda ya zamani iliyokuwa pale, akapigilia msumari mpya, akarudi nyuma kutazama kama imekaa sawa. Ilikuwa picha kubwa, yenye fremu ya mbao nyeusi. Mumewe, Mzee Akonaay, ndiye aliyemwagiza binti yao, Zita, mwenye studio ya picha Mbulu mjini: "Nataka nchi yetu mwezi wa saba, mashamba yakiwa yameiva. Mgeni akikaa hapa, aone mahali alipofika."

Zita akamletea suke moja la ngano.

Lilikuwa upande wa kushoto, limekauka, rangi ya asali iliyokaa sana mtungini, na ndevu zake ungeweza kuzigusa moja moja. Nyuma yake kila kitu kilikuwa kimeyeyuka. Shamba lilikuwa kama samli iliyomwagika, mlima Hanang ulikuwa buluu tu, bila kingo. Katikati ya ule uyeyukaji palikuwa na madoa mawili. Moja lilikuwa refu, jekundu la kuiva. La pili lilikuwa la kahawia, limelala kwa upana, na katikati yake weupe kidogo.

Zita alikuwa akipita sebuleni anaangalia lile doa refu, anatabasamu, anaendelea na kazi zake. Aliona raha kwamba amemwingiza ndani. Baba akinywa chai, yule alikuwepo. Mama akisali rozari, yule alikuwepo. Siku nne nzima alikaa nao na hakuna aliyemfukuza.

Jumapili baada ya misa alikuja Mzee Sulle, mshenga wa akina Lameck, kijana mwenye mashine ya kusaga kule Dongobesh. Alikuja kuchukua jibu la posa. Shangazi Marieta, dada yake Mzee Akonaay, alikuwa amefika tangu asubuhi, amevaa kitenge chake kipya cha kwenda kanisani, maana jambo kama hilo hawezi kulikosa. Vikombe vilivyotolewa ni vile vya maua, vinavyokaa kabatini mwaka mzima. Chai ilikuwa ya maziwa matupu, na viazi vitamu vilikuwa vinatoa moshi kwenye sahani.

Zita aliinama akasalimia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hujambo? Kazi za mjini?" Mzee Sulle akachukua kikombe, akainua macho ukutani, akakunja uso. "Hii picha... ni macho yangu au ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Mbona kama kamera ilishikwa na homa?"

Shangazi Marieta akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Mwambie wewe, maana mimi nimesema nimechoka. Kaka yangu kaagiza shamba zima, kaletewa suke. Hata kuku hashibi."

"Ni makusudi, shangazi," Zita alisema. "Lenzi ina tundu linalopitisha mwanga. Ukilifungua sana, kitu kimoja tu ndicho kinabaki wazi, vingine vyote vinakuwa laini. Jicho linajua pa kukaa. Mashamba yakikauka namna hii, ukionyesha kila kitu mtu anaona mabua tu. Ukimwonyesha suke moja, anaona mavuno yote."

"Hayo ni maneno," shangazi alisema.

Sasa Mzee Akonaay alikuwa na tabia moja. Yeye mwenyewe alikuwa anaweza kumsema binti yake kuanzia asubuhi mpaka jioni, lakini mtu mwingine akimsema, anainuka. Akainuka. Akamshika Mzee Sulle mkono, akampeleka mpaka mlangoni kabisa, mgongo ukagusa mwimo.

"Ukiwa karibu huoni kitu. Simama hapa. Legeza macho kidogo. Unaona? Ule ni mlima. Lile ni shamba, tena linaelekea bondeni. Na pale kuna..."



Mkono wake ulibaki hewani. Mama Fransiska, aliyekuwa anaongeza chai, akasimamisha birika.

"Pale kuna nini?" Mzee Sulle aliuliza.

"Pale kuna ng'ombe wangu," alisema Mzee Akonaay.

Hakuna mfugaji asiyejua ng'ombe wake. Mtu mwingine anaona doa la kahawia lenye weupe katikati. Mzee Akonaay aliona Mkanda, jike aliyemtoa zizini kwake akiwa mtamba, hajazaa bado, mwenye ukanda mweupe kiunoni kama wa mtumishi wa altare. Kule kwao ng'ombe hawawekwi wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, unakuachia fito tu. Kwa hiyo mtu anampeleka mmoja kwa rafiki, wa pili kwa rafiki mwingine. Rafiki anakunywa maziwa, mwenye mali ana ng'ombe na ndama wake. Mkanda alikuwa tambarare za Masakta, kwa mzee mmoja Mbarbaig ambaye Mzee Akonaay alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Na Zita alikuwa ameaga anakwenda kupiga picha za harusi Gitting.

"Zita," baba yake alisema taratibu. "Uliniambia picha hii umepiga wapi?"

"Gitting, baba."

"Mkanda yuko Masakta. Au na yeye alialikwa harusini?"

Mzee Akonaay alitembea polepole mpaka kwenye picha, akarudi tena mlangoni, akalegeza macho.

"Na huyu aliyesimama karibu naye ni nani?"

Mama Fransiska akawahi. "Ni mti huo, baba Zita."

"Mti mwekundu?" alisema shangazi.

"Ipo miti yenye maua mekundu. Ni mti." Macho ya mama yalikuwa kwa binti yake, yanamwomba. Sema mti, mwanangu. Neno moja tu, tumalize chai yetu.

Mzee Sulle alikuwa mtu mzima, na ushenga alikuwa ameufanya miaka mingi. Akakaa chini, akashika kiazi, akasema kwa upole, "Mimi naona mti. Binti akisema ni mti, nami nimeona mti, na Lameck nitamwambia nimekuta nyumba nzuri yenye picha ya mti. Nimekuja kuchukua jibu tu."

Wote wakamtazama Zita.

Yeye alikuwa akitazama lile doa jekundu, na kilichomjia kichwani ni ile siku ya Masakta. Upepo wa baridi ulikuwa unapita juu ya ngano, mabua yanasuguana yanatoa sauti kama mvua ya mbali. Gidahosh, mtoto wa yule mzee Mbarbaig, alikuwa amembebea stendi ya kamera toka barabarani, shuka lake jekundu amelitupia begani.

"Nisimame wapi?" alimuuliza.

"Nyuma. Nyuma zaidi. Pale kwa Mkanda."

"Kila siku nyuma. Lini utaniweka mbele?"

"Nikikuweka mbele watakujua."

"Kwa hiyo mimi ni moshi."

"Moshi mzuri," alimtania, jicho likiwa kwenye kamera. Alifungua lenzi mpaka mwisho, namba moja nukta nane, akamwona anayeyuka mabega, uso, fimbo, mpaka akabaki rangi.

Gidahosh hakucheka. Alisubiri apige, halafu akamwambia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Zita, mimi nakupenda mchana. Wewe unanipenda palipo na ukungu. Nitakuwa moshi mara hii, kwa sababu umeniomba. Mara nyingine utanipiga naonekana macho, au hutanikuta mahali niliposimama."

Maneno hayo alikuwa ameyabeba kifuani toka Masakta mpaka hapa nyumbani, Nambis.

"Si mti, mzee," Zita alisema. "Ni mtu. Anaitwa Gidahosh."

Birika lilitua mezani kwa nguvu.

"Yesu na Maria," alisema mama.

"Gidahosh huyu huyu? Wa rafiki yangu?" Mzee Akonaay aliuliza.

"Huyo huyo, baba. Lameck sina ubaya naye. Mzee Sulle, samahani umetembea mbali. Mwambie ni mtu mzuri, lakini jibu langu ni hapana, na lisingekuwa ndiyo hata kama picha hii isingekuwepo."

Mzee Sulle akaweka kiazi kwenye sahani, akajipangusa vidole kimoja kimoja. "Haya. Jibu nimelipata. Si nililotumwa, lakini ni jibu." Akaaga kwa heshima, akachukua kofia yake. Kikombe chake cha maua kilibaki nusu.

Alipotoka tu, shangazi alipata sauti yake yote. "Mtu wa tambarare! Hajabatizwa! Utakwenda kulala chini kwenye ngozi, unywe maziwa asubuhi mchana jioni, ukitaka ugali uote ndotoni? Watu wa Nambis watatuimba!"

"Ubatizo anafundishwa, shangazi, ameanza. Ugali nitapika mwenyewe. Na watu wa Nambis waimbe, kwaya yao siku hizi haina nyimbo mpya."

"Msikie mdomo!"

"Nyamaza Marieta," alisema Mzee Akonaay. Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Zita. Yule mzee ni rafiki yangu. Lakini urafiki ni urafiki na damu ni damu. Wao wana mila zao, sisi tuna zetu. Binti yangu simpeleki kule."

"Baba, Mkanda ulimpeleka."

"Ng'ombe ni kitu kingine."

"Ulimpeleka akiwa mtamba, kitu ulichokipenda kuliko vyote zizini. Hukumwekea mlinzi. Ulirudi nyumbani ukalala usingizi. Kila mwaka unatuambia pale mezani, wale ni watu, wale hawadanganyi, hata ndama akifa wanakuletea ngozi uione. Mimi nimekua nasikia hivyo. Sasa mimi nimewaamini kama ulivyonifundisha, na wewe unaniambia ng'ombe ni kitu kingine. Kwa hiyo baba, kati yangu na Mkanda, aliye salama kwao ni nani?"

Mzee Akonaay uso ulimbadilika. Alitia mkono mfukoni akatoa simu yake ndogo ya vitufe.

Akampigia rafiki yake. Na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, hata hasira haikumfanya aruke salamu. Akauliza habari za nyumba, za watoto, za mama zao, za malisho, za maji, za baridi, akajibu za kwake zote, nzuri, nzuri, nzuri, huku mshipa wa shingo umesimama. Halafu akasema, "Ndugu yangu, namtaka ng'ombe wangu."

Kumtoa ng'ombe aliyewekwa, bila njaa wala msiba, ni kumwambia mtu sikujui tena. Mama Fransiska alijifunika uso kwa ukingo wa kanga.

"Sawa," ilisema sauti ya rafiki yake kwenye simu. Basi.

Jioni kwenye simu ya Zita ukaingia ujumbe mmoja wa Gidahosh: *Namleta mimi mwenyewe. Nitapita njia kuu, mchana.*

Zita hakurudi mjini. Alifunga studio kwa simu, akamwambia jirani aweke kibao. Siku zilizofuata alipura maharage na mama yake, na mama hakumsemesha ila mambo ya maharage. Siku ya pili alisema, bila kuinua kichwa, "Na kama akija, baba yako akamfukuza?"

"Nitamsindikiza."

"Na kama baba yako akikufukuza na wewe?"

"Basi nitakuwa nimeshafika njiani, mama."

Mama akapepeta ungo wake kwa muda. Makapi yakapeperuka yakaenda kukaa kwenye mipichi, ambayo mwezi ule majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu na yanaanguka moja moja. "Nilikuwa nakuona unaitazama ile picha," alisema hatimaye. "Nikajua si suke."

Gidahosh alifika Alhamisi, jua la saa sita. Alipita katikati ya Nambis na shuka lake jekundu, mbele ya kanisa, mbele ya duka, mbele ya wanawake waliokuwa wanaanika mahindi, wote wakasimama wakamtazama. Hakuharakisha. Mbele yake alitembea Mkanda, mnene, amepakwa vumbi la barabara miguuni tu. Nyuma ya Mkanda alikuja mtamba mwenye ukanda kama wa mama yake, na mwisho ndama dume, anarukaruka.

Mzee Akonaay alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake. Shangazi Marieta alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakuwa ameondoka tangu Jumapili, alisema kiuno kinamsumbua.

Gidahosh aliweka fimbo chini, akainamisha kichwa. "Shikamoo mzee."

Marahaba haikuja. Kuku mmoja alipita. Hata shangazi aligeuka akamtazama kaka yake, maana salamu ile hainyimwi hata mwizi.

Gidahosh akasubiri, akaona haiji, akaendelea kwa sauti ile ile. "Baba amenituma. Mkanda huyu hapa. Huyu mtamba ni wake, na huyu ndama ni wake. Maziwa tuliyokunywa ndiyo hayo tumekwisha kunywa. Chenye miguu hatukubakiza."

Mzee Akonaay akamwendea ng'ombe. Alitafuta kosa, mtu yeyote angeona anatafuta kosa. Alimkagua masikio, ndani ya mapaja, chini ya mkia, chuchu moja baada ya nyingine. Kupe hakuna. Kovu hakuna. Kwato zimechongwa. Mkanda akageuza shingo, akamnusa mkono, akaanza kuulamba, na mzee akauacha ulambwe.

Hapo Zita akatoka ndani na kamera shingoni.

Gidahosh alipoiona kamera, mguu wake ulirudi nyuma wenyewe. Hatua moja, ya pili, kuelekea uzio, mahali pa moshi. Zita aliuona ule mguu. Yeye ndiye aliyeufundisha.

"Usirudi nyuma," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Njoo hapa. Kando yangu."

"Zita!" mama alinong'ona mlangoni.

Zita alifungua miguu ya stendi, akaisimamisha chini ya mpichi, akafunga kamera juu yake. Akashika pete ya lenzi, akaizungusha. Ikalia tik, tik, tik.

"Unafanya nini?" baba yake aliuliza.

"Naifunga lenzi, baba. Ikiwa wazi kinaonekana kitu kimoja. Ikifungwa mpaka kumi na sita, vyote vinaonekana. Jani hili, mimi, Gidahosh, ng'ombe, wewe, mama mlangoni, mlima ule kule. Hakuna atakayekuwa moshi."

"Mimi usinipige."

"Basi toka kwenye picha, baba."

"Huu ni uwanja wangu. Sitoki."

"Na mimi sitoki."

Wakatazamana, baba na binti, macho yale yale, kidevu kile kile kimeinuliwa vile vile. Shangazi Marieta akarekebisha kitambaa cha kichwa haraka, maana kama ni kuonekana, basi aonekane sawasawa. Zita akaitega kamera ijipige yenyewe, akabonyeza, akatembea mpaka kwa Gidahosh, akasimama bega kwa bega naye. Aliusikia mkono wake ukitafuta wa kwake, mkono mgumu wa fimbo na kamba. Akaushika. Mchana, mbele ya baba yake.

Kamera ikalia.

Zita alipoileta ili baba yake aone, Mzee Akonaay alijifanya hataki, halafu akainama juu ya kile kioo kidogo. Alikaa hapo muda. Kila jani la mpichi lilikuwa na mishipa yake. Mlima ulikuwa na mabonde yake. Alijiona mwenyewe, mkono mmoja kwenye shingo ya Mkanda, uso umekasirika. Aliona vile vidole vya watu wawili vilivyofungamana, kucha mpaka kucha.

"Ng'ombe huyu ametembea mbali," alisema mwisho. "Anywe maji mtoni, apumzike, kisha arudi alikotoka. Mwambie baba yako nilikosea kupiga simu. Mkanda sijamtoa kwake."

Gidahosh alivuta pumzi. "Nitamwambia, mzee."

"Lakini binti," Mzee Akonaay aliinua kidole, "binti sijampa mtu. Sikilizeni vizuri. Sijasema ndiyo."

"Mimi sina kamba shingoni, baba," alisema Zita. "Nimekusikia. Sasa nakwenda kumwonyesha njia ya mtoni."

Akamshika ndama shingoni, akatangulia. Walipita kwenye lango, si nyuma ya nyumba, wakashika barabara ile ile ya dukani na kanisani, wanawake wa mahindi wakiwa bado wamesimama. Gidahosh alitaka kuchepuka kwenye kinjia cha pembeni. Zita akamvuta shuka.

"Katikati," alimwambia.

Wakatembea katikati. Walikuwa wamefika kwenye duka ndipo sauti ikawafikia toka uwanjani, sauti nzito ya mtu anayelazimika kupaza kwa sababu amechelewa.

"Wewe kijana!"

Gidahosh akasimama, akageuka.

"Marahaba!" alisema Mzee Akonaay.